Sungura amegoma kula tangu jana: nimpe dawa gani?

"Habari za kazi daktari. Tunaishi Tabata, tuna sungura dume wa miaka miwili na nusu hivi, ni wa mwanangu wa darasa la nne. Tangu jana mchana amegoma kula. Amejikunja pembeni ya banda, macho kayafumba nusu, ukimsogelea unamsikia anasaga meno. Kinyesi tulichokikuta asubuhi ni punje chache, ndogo na ngumu. Kwa wiki mbili hivi amekuwa akichagua chakula: mkate anakula, karoti anaing'ata kisha anaiacha, na kidevu kimekuwa kikilowa, nikadhani ni hili joto. Chakula chake cha kila siku ni pumba za mahindi, mkate, karoti na kabichi. Jirani anasema ni minyoo, mwingine anasema amemeza manyoya. Duka la dawa wakanipa kapsuli za amoksilini, nimempa nusu jana usiku kwa maji. Masikioni pia ana magamba, tumeambiwa tumpake oili chafu. Nimpe dawa gani? Na mtoto anayemshika kila siku hawezi kuambukizwa?"

Dada yangu, nianze na lisilosubiri. Usimpe tena amoksilini, hata chembe, na mfikishe kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho. Mbwa akikosa hamu ya kula siku moja unaweza kumwangalia kwanza. Sungura hapana. Akipitisha saa 12 bila kula, na choo kimepungua au kimekatika, hiyo ni dharura, na wa kwenu amekwishamaliza siku nzima. Sikutishi: wengi wanaowahishwa wanapona. Piga simu kwanza, panga usafiri, halafu urudi kusoma yaliyobaki.

Sasa nikueleze ninavyoisoma hali yake. Umeuliza dawa, na majirani wamekutajia minyoo na manyoya, lakini yaliyonishtua katika swali lako ni yale uliyoyapitia haraka: kidevu kinalowa wiki mbili, karoti anaing'ata na kuiacha, mkate anakula. Huyo ni mnyama mwenye njaa anayeshindwa kutafuna. Ningekuwa naye mezani sasa hivi, kitu cha kwanza ningetaka kukiona ni magego yake.

Hilo la joto nimelipima, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar linawaua sungura kweli. Sungura hatoi jasho. Joto la mwili wake linatoka kupitia masikio na pumzi, kwa hiyo banda lililo chini ya bati, bila upepo, linaweza kummaliza mchana mmoja. Lakini sungura aliyezidiwa na joto anahema mbio, pengine kwa mdomo wazi, masikio yanawaka ukiyagusa, amejinyoosha chini hana nguvu, na mambo yote hayo yanatokea ndani ya saa chache. Hatoi udenda wiki mbili huku akiendelea kula mkate. Kwa hiyo banda lihamishieni kivulini kwa vyovyote vile, ila sidhani kama joto ndilo lililoanza.

Sungura ana meno 28, na yote yanakua maisha yake yote. Yale ya mbele yanaongezeka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga, taya ikienda pembeni, kushoto na kulia, saa nyingi kila siku, na kusaga huko kunaletwa na nyasi ndefu. Nyasi ndizo tupa yake. Pumba haimpi kazi hiyo, na mkate unalainika ukishagusa mate. Karoti, ambayo kila mtoto amefundishwa kwamba ndiyo chakula cha sungura, ina sukari nyingi na nyuzinyuzi kidogo. Ni ya kuonjeshwa kipande. Magego yasiyosagwa yanarefuka na kuota ncha kali, za chini zikielekea ulimini na za juu shavuni, nazo zinachana nyama. Hapo mnyama anakuja kwenye sahani na hamu yake, ananyanyua kipande, anatafuna mara mbili tatu, anakidondosha. Mate anayoshindwa kuyameza yanashuka. Mpapase chini ya taya utakuta manyoya yameshikana, na ukigeuza miguu ya mbele, upande wa ndani anakojifutia uso, mara nyingi utakuta na kwenyewe kumelowa. Ukimfunua midomo utaona meno ya mbele yamekaa sawa na utadhani mdomo mzima uko salama. Magego yako ndani sana, hayaonekani bila kifaa chenye taa, na hata kwa kifaa hicho baadhi ya ncha zinajificha mpaka apewe dawa ya usingizi.

Maumivu ya mdomo yamempunguzia chakula, na hapo ndipo tumbo lilipoingia. Utumbo wa sungura unasukumwa na nyuzinyuzi. Zile nene zinapita na kutoka zikiwa punje za duara mnazozifagia kila siku. Chembe laini zinarudishwa kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na humo bakteria wanazichachusha na kutengeneza protini na vitamini. Kinachotoka huko ni kinyesi laini, kinachong'aa, kilichoshikana vishada vishada, ambacho sungura anakila moja kwa moja kutoka nyuma, mara nyingi usiku au alfajiri. Watu wakikiona wanadhani anahara, au wanamgombeza kwa uchafu. Msimgombeze, hicho ni chakula chake cha pili na bila hicho anadhoofu.

Nyuzinyuzi zikikosekana, msukumo unapungua. Kilichomo tumboni kinakauka na kugandamana. Bakteria wabaya wanapata nafasi na kutoa gesi, gesi inavuta kuta za utumbo, utumbo unauma, na maumivu hayo yanazidi kuufunga. Sungura hatapiki, kwa hiyo hana mlango mwingine wa kujipunguzia. Asipokula kwa siku kadhaa, mwili unachota mafuta yake kwa pupa hadi ini linajaa mafuta na kushindwa kazi, hasa kwa sungura mnene aliyelelewa kwa mkate. Ndiyo sababu sisi madaktari tunamhesabia saa.

Wala utulivu wake usikupe moyo. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, ameumbwa kuuficha udhaifu mpaka asiweze tena. Hatalia. Kujikunja, kufumba macho nusu na kusaga meno kwa sauti ndivyo anavyosema anaumia. (Kuna kusaga kwingine, kule laini sana anapokunwa kichwani na kuona raha. Mtoto wako bila shaka anaujua mlio huo. Huu wa sasa ni mwingine.)

Kuhusu manyoya: sungura anajilamba kutwa, kwa hiyo manyoya tumboni yapo siku zote, na utumbo unaotembea unayatoa. Yakikutwa yamegandamana ni kwa kuwa utumbo ulisimama kwanza. Kumnywesha mafuta ya kula ili yateleze hakusaidii, na mafuta yakiingia kwenye mapafu umemwongezea ugonjwa. Kuhusu minyoo: si kawaida minyoo kumgomesha sungura mkubwa ghafla namna hii. Wadogo, hasa waliotoka kuachishwa kunyonya, ndio wanaosumbuliwa sana na koksidia, vimelea wadogo wa utumbo ambao watu wengi huwaita minyoo tu. Wanaharisha, wanavimba tumbo na kufa haraka, na dawa ya minyoo haiwagusi koksidia, wanataka dawa nyingine kabisa. Ukitaka kuondoa shaka, kinyesi kinapimwa maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari wapo Temeke. Lakini hilo lisikucheleweshe leo.

Nirudi kwenye amoksilini, maana hapa sungura wengi wanapotea mikononi mwa watu wanaowapenda. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamaisini, erithromaisini: hizi zikipita mdomoni mwa sungura zinafyeka wale bakteria wema, na bakteria wabaya waitwao klostridia wanabaki na uwanja mtupu wa kuzaana na kumwaga sumu. Anaharisha, mwili unapoa, anakufa, pengine siku kadhaa baada ya kidonge, wakati mwenye mnyama amekwishakisahau na anatafuta sababu kwingine. Aliyekuuzia hakuwa na nia mbaya, ni dawa inayotibu watoto wetu kila siku. Na nusu kapsuli haimaanishi kwamba umempoteza, wapo wanaovuka bila shida. Mwambie daktari wazi ulimpa nini na saa ngapi, na uangalie kinyesi chake kwa wiki nzima ijayo: kikiwa majimaji, mrudishe siku hiyo hiyo. Zipo antibaiotiki ambazo sungura anazivumilia, kama enrofloksasini na zile za salfa zilizochanganywa na trimethoprimu, lakini kwa uliyonieleza sijaona cha kutibiwa kwa antibaiotiki, isipokuwa daktari akikuta jipu kwenye taya. Diklofenaki, paracetamol na dawa nyingine za maumivu za kwenye kabati lako nazo ziache. Anahitaji dawa ya maumivu kweli, tena sana, ila ya kupimiwa na daktari.

Kabla hujatoka, mshike tumbo. Mweke juu ya taulo sakafuni, mkono mmoja kifuani, mwingine upitishe taratibu chini, nyuma ya mbavu. Tumbo la kawaida linabonyea. Likiwa limejaa, limekaza na halibonyei, au ameanza kulegea na masikio yamekuwa ya baridi, usimlishe chochote wala usimnyweshe. Huenda kuna kilichoziba, na kumjaza ni hatari. Huyo ni wa kukimbia naye. Kama una kipimajoto na mtu anayejua kukitumia nyuma, joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likiwa chini ya 38, mfunge taulo la uvuguvugu njiani, hata kama nje kunaunguza.

Tumbo likiwa laini na bado yuko macho, unaweza kumsaidia wakati unasubiri. Mwekee maji kwenye bakuli, kwa kuwa mwenye mdomo unaouma anaona kazi kunyonya kwenye chupa. Mtafutie nyasi mbichi na matembele, uyaoshe, uyaache na majimaji yake. Asipogusa, chukua chakula cha punje cha sungura, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kiponde hadi kiwe uji unaopita kwenye bomba la sindano, bila sindano. Kama huna punje, saga matembele au nyasi kwenye blenda na maji. Usitumie uji wa pumba wala wa unga. Ncha ya bomba ipitie pembeni ya mdomo, kwenye ule mwanya ulio nyuma ya meno ya mbele, umpe mililita 1 kwa mara, ameze, ndipo uongeze. Kwa sungura wa kilo 2, mililita 15 hadi 20 kila baada ya saa 4 zinatosha kwa kuanzia. Usimlaze chali na usimsukumie kwa nguvu. Akigeuza kichwa, mpe nafasi. Mwache atembeetembee chumbani, kutembea kunausaidia utumbo.

Njiani, boksi lenye matundu, taulo chini, na wakati wa jua kali chupa ya maji baridi iliyofungwa kitambaa pembeni yake. Bajaji inatosha. Asikae kwenye buti la gari.

Kuhusu daktari nitakwambia ukweli: wengi wetu hapa mjini tumezoea kuku, ng'ombe na mbwa, na si kila mmoja amewahi kuyachungulia magego ya sungura. Si aibu kuuliza. Hakikisha kwanza ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, halafu muulize kwa simu: unatibu sungura? Una kifaa cha kuangalia magego? Unampa nini kwa maumivu? Akikwambia atamchoma penisilini na kukurudisha nyumbani bila kumwangalia mdomo, shukuru, piga namba nyingine. Unachotarajia kwa ziara ya kwanza ni maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu kama meloksikamu, pengine dawa ya kuamsha utumbo pale inapothibitika hakuna kilichoziba, na mdomo kuangaliwa. Eksirei ikipatikana inasaidia sana kuonyesha gesi na mizizi ya meno. Meno yenyewe kwa kawaida hayakatwi siku hiyo. Anatulizwa kwanza, anakula kwanza, ndipo apewe dawa ya usingizi. Na yeyote atakayekwambia muyakate nyumbani kwa koleo, mkatalieni. Jino la sungura linapasuka hadi kwenye mzizi, na hapo jipu la taya linaanza.

Kama ni magego kweli, kuna jambo unalopaswa kulijua kabla hujaanza kulipa. Wengine wakisawazishwa mara moja na kubadilishiwa chakula wanatulia kabisa. Wengine, ambao mizizi imeshapinda, watahitaji kusawazishwa tena na tena, kila baada ya wiki au miezi kadhaa, na kila mara ni dawa ya usingizi, ambayo kwa sungura ina hatari zake. Kwa kesi nzito, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro ni mahali pa kufikiria. Pia inawezekana familia isimudu, na mnyama akabaki anaumia kila siku. Hapo mwambie daktari bila kuona haya, mzungumze juu ya kumlaza usingizi wa mwisho ili asiumie tena. Nimewaona watu wakiona soni kulitamka hilo, huku mnyama anakonda wiki baada ya wiki. Natumaini hamtafika huko, na kwa umri wake nafasi ni nzuri. Mtoto naye mwambieni ukweli kwa kiasi chake. Darasa la nne anaelewa, na atakuwa msaidizi wako mkubwa wa kuhesabu punje za kinyesi.

Akishaanza kula, chakula chake kibadilike, polepole, kwa wiki mbili hivi, kwa kuwa wale bakteria hawapendi ghafla. Nyasi ziwe sehemu kubwa, mchana na usiku zisikauke bandani: ukoka, mabingobingo machanga, majani ya mahindi. Wauza majani wanaohudumia wafuga ng'ombe watakuuzia mzigo. Msikate kando ya barabara kubwa wala kwenye mitaro. Yaliyokaushwa kivulini yanafaa sana, yaliyoota ukungu yatupwe. Juu yake konzi ya majani laini kama matembele, giligilani, majani ya karoti, na mchicha kwa siku chache za wiki. Kabichi kidogo mno au iachwe. Pumba ipungue hadi iishe, mkate uishe kabisa. Parachichi na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu na kisamvu kibichi visimfikie. Na mpimeni uzito kila wiki, hata kwenye mizani ya duka la mangi, muandike. Uzito unashuka kabla kidevu hakijalowa.

Masikio: magamba hayo yaliyopandana, ya rangi ya kahawia, karibu siku zote ni utitiri. Unauma na kuwasha vibaya, naye ana maumivu mengine ya kutosha. Oili chafu na mafuta ya taa vinaunguza ngozi, na kwa kuwa anajilamba, vitaingia tumboni. Msiyabandue magamba, chini yake pana kidonda. Daktari atampima uzito na kumchoma ivermektini, kwa kawaida inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na magamba yanadondoka yenyewe. Sungura wengine wakiwepo watibiwe wote siku moja, na banda lisafishwe, matandiko ya zamani yachomwe. Dawa za mbwa za kupaka zenye fipronili msizikaribishe kwake, zinaua sungura.

Mtoto hatapata ugonjwa wa meno wala wa tumbo kutoka kwake. Utitiri wa masikioni nao hauishi kwa binadamu. Ila kama mkiona magamba puani, ukingoni mwa macho au kwenye vidole vya miguu, huo ni utitiri wa aina nyingine, na huo unaweza kumwachia mtoto vipele vya kuwasha mikononi. Vilevile mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya yanaweza kuwa fangasi, nao wanaambukiza. Mwonyeshe daktari sehemu hizo leo leo, na mpaka atakapokujibu mtoto aoshe mikono kwa sabuni kila akimshika, na sungura asilale naye kitandani.